Rais Anaponena Wakati wa Vita, Gazeti Hufanya Nini?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

 Makala haya si mafupi. Keti chini ya mwembe, tulia, tusemezane.

Mada yangu ya mwaka huu haikuzaliwa darasani. Ilizaliwa nyumbani, Januari 2016, nikiwa mtoto mdogo wa darasa la kwanza. Mjomba wangu alikuwa mwanajeshi na wakati huo alikuwa Somalia. Siku hiyo redio ikatangaza kwamba kambi ya wanajeshi wetu mahali paitwapo El Adde imeshambuliwa. Kesho yake asubuhi Susu (ndivyo tunavyomwita nyanya huku Ukambani) akamtuma mama sokoni akanunue gazeti. Huku kwetu gazeti huja na matatu, na ukilipata kabla ya saa nne una bahati.

Susu hajui kusoma. Lakini siku hiyo aliketi karibu na mama kama mtahiniwa anayengoja matokeo. Mama akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Maneno ya ushujaa yalikuwa mengi, na bendera ilipepea pichani. Susu akamkatiza.

"Wamesema ni wangapi?"

Mama akageuza kurasa. "Hawajasema."

"Majina je?"

"Hakuna majina, mama."

Susu akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Sasa hilo gazeti limetuambia nini?"

Mjomba alipiga simu siku ya tisa. Kumbe alikuwa kambi nyingine. Sisi tulipiga vigelegele, lakini ziko nyumba ambazo simu hazikulia. Swali la Susu limenikaa kichwani miaka yote hii, na ndilo ninalotaka kulijibu. Nchi ikiwa vitani, rais hutoa ujumbe wake kwa Bunge au kwa taifa. Je, magazeti huupokeaje? Na yanapaswa kuupokeaje?

KAZI TATU ZA GAZETI

Kwanza tuelewane. Ujumbe wa rais kwa Bunge si sawa na hotuba nyingine. Bungeni maneno huandikwa kwenye kumbukumbu rasmi, hapa Kenya twaiita Hansard. Tena bungeni yupo wa kujibu. Mbunge anaweza kusimama na kusema, "Mheshimiwa Spika, pesa hizo zitatoka wapi?" Rais akisema mbele ya kamera au mbele ya umati, watu hupiga makofi wakaenda zao. Hapo anayebaki wa kuuliza ni gazeti.

Kwa maoni yangu, gazeti lina kazi tatu wakati kama huo. Ya kwanza ni kuyafikisha maneno ya rais jinsi yalivyo. Ya pili ni kuyapima: je, ni ya kweli, ni ya haki? Ya tatu ni kuhesabu: vita vimekula watu wangapi na mali kiasi gani? Sasa hebu tuchukue mizani hii tuipeleke katika nchi tatu.

MAREKANI: MAGAZETI YALIYOGOMBANA

Nianze mbali kidogo, kwa sababu huko ndiko desturi ya ujumbe wa rais kwa Bunge ilikoandikwa zaidi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza Aprili 1861. Majimbo ya kusini, yaliyotaka kuendelea na utumwa, yalijitenga. Rais Abraham Lincoln aliita askari kwanza, kisha akaliita Bunge likutane tarehe 4 Julai. Kwa hivyo wabunge walikuta vita vimeshaanza.

Zama hizo rais hakwenda Bungeni mwenyewe. Aliandika ujumbe, karani akausoma. Wananchi waliupata kupitia magazeti, ambayo yaliuchapa wote, neno kwa neno. Katika ujumbe ule Lincoln aliomba askari 400,000 na dola milioni 400, na Bunge likampa hata zaidi. Alijitetea pia kwa kuruhusu watu wakamatwe bila kufikishwa mbele ya hakimu.

Kuna kisa kimoja hapa ambacho wapenzi wa lugha watakifurahia. Lincoln aliandika kwamba viongozi wa waasi waliupaka uasi wao sukari, kama kidonge kichungu, wakawalisha watu wao kwa miaka zaidi ya 30. Mpigachapa wa serikali, John Defrees, akamwambia maneno hayo ni ya mitaani, hayafai katika waraka wa rais. Lincoln akakataa kuyafuta. Alisema haitafika siku ambayo watu watakosa kuelewa maana ya kupakwa sukari. Sisemi tuandike Sheng katika insha, mwalimu asije akanikata alama! Nasema tu kwamba Lincoln alijua msomaji wake ni mkulima na fundi, na gazeti ndilo litakalomfikishia.

Haya, kufikisha kulifanyika. Kupima je? Hapo palikuwa moto. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akatoroka, alikuwa na gazeti lake mwenyewe, Douglass' Monthly. Agosti 1861 aliandika kwamba ujumbe wa rais haukutaja utumwa hata kidogo, na kwamba mgeni akiusoma hataota kuwa vita hivi vimeletwa na wenye watumwa. Ona basi: Douglass aliutaka ushindi wa Lincoln kuliko wengi, lakini hakumficha kasoro yake.

Tarehe 1 Desemba 1862 Lincoln alipeleka ujumbe mwingine. Alipendekeza majimbo yaondoe utumwa polepole hadi mwaka 1900, huku wenye watumwa wakilipwa fidia. Hiyo ni miaka 37 ya kungoja! The Liberator, gazeti la William Lloyd Garrison huko Boston lililopigania watumwa waachwe huru mara moja, lililaumu mpango huo. Magazeti ya chama cha Democratic nayo yalinung'unika kwa sababu nyingine kabisa, hayakutaka vita vigeuzwe kuwa vita vya kukomesha utumwa. Rais akapigwa kushoto na kulia. Mwishowe mpango ule ulikufa, na Desemba 1865 utumwa ulipigwa marufuku nchi nzima bila fidia na bila kungoja 1900. Waliomkosoa walikuwa wameona mbali.

Siku 12 baada ya ujumbe huo, jeshi la Lincoln lilishindwa vibaya mahali paitwapo Fredericksburg. Zaidi ya askari wake 12,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Basi magazeti ya wakati huo yalikuwa na desturi ya kuchapa orodha za waliokufa na waliojeruhiwa, majina kwa majina. Akina mama walipitisha kidole kwenye safu za majina wakitafuta la mtoto wao. Ni jambo la kuhuzunisha, lakini nikilifikiria namkumbuka Susu. Wale walikuwa na pa kupitisha kidole.

Msomaji usidhani huko kulikuwa peponi. Juni 1863 jenerali mmoja, Burnside, alilifunga gazeti la Chicago Times kwa kumtukana rais. Lincoln aliifuta amri hiyo baada ya siku chache tu. Hata penye uhuru, vita huleta kishawishi cha kuziba midomo.

TANZANIA: MANENO MATATU YALIYOVUMA

Sasa turudi Afrika Mashariki. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Tanzania na kuteka eneo la Kagera, karibu kilomita 1,800 za mraba. Waliua, waliiba ng'ombe, walichoma nyumba. Tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kwamba mpaka wake mpya ni mto Kagera.

Kesho yake, tarehe 2 Novemba, Rais Julius Nyerere alizungumza. Hakuzungumza na wabunge. Alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, na redio ikapeleka sauti yake nchi nzima. Alisema kazi iliyobaki ni moja tu, kumpiga Amin: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo.

Wanachama wa Kiswahili, tazameni ngeli zinavyofanya kazi hapo. Uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Sarufi ile ile tunayoitungia sentensi kila wiki imegeuka ngoma ya vita! Maneno hayo ni mafupi, mtoto anayashika mara moja, na mhariri hahitaji kuhangaika akitafuta kichwa cha habari. Hadi leo, zaidi ya miaka 40 baadaye, utayakuta katika siasa na hata katika habari za kandanda.

Lakini magazeti ya Tanzania yalikuwa na hali gani? Magazeti ya kila siku yalikuwa mawili makubwa. Daily News, la Kiingereza, lilikuwa la serikali. Lilitokana na The Standard, lililotaifishwa mwaka 1970, na wakati huo Nyerere mwenyewe aliwekwa kuwa mhariri wake mkuu kwa jina. Uhuru, la Kiswahili, lilikuwa la chama cha CCM. Chama kilikuwa kimoja, na wabunge wote walikuwa wa chama hicho. Aidha, Sheria ya Magazeti ya 1976 iliipa serikali nguvu ya kufungia gazeti. Kwa hivyo maneno ya Mwalimu yalifikishwa kweli kweli, kwa redio na kwa maandishi. Wa kuyapima hadharani hakuwepo.

Mtu ataniuliza: Kwani palikuwa na haja gani ya kuyapima? Nchi ilikuwa imevamiwa! Ni kweli, na mimi naona sababu ilikuwa ya haki. Lakini vita havikuishia kwenye mpaka. Jeshi la Tanzania liliendelea hadi likaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Je, kumfukuza mvamizi na kumng'oa rais wa nchi jirani ni jambo moja? Wakuu wa nchi za Afrika walibishana kuhusu swali hilo kwenye mkutano wao wa Monrovia, Julai 1979. Wananchi waliolipa gharama walistahili kuyasoma mabishano kama hayo katika magazeti yao wenyewe, tena mapema.

Upande wa Uganda mambo yalikuwa mabaya zaidi. Gazeti kubwa, Voice of Uganda, lilikuwa la serikali ya Amin. Padre Clement Kiggundu, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno, alikuwa ameuawa tangu Januari 1973. Baada ya hapo nani angethubutu? Vita vilipopamba moto, Amin akamwalika Nyerere wapigane ngumi ulingoni, refa awe Muhammad Ali. Habari hiyo ilisambaa dunia nzima na watu wakacheka. Wakati wanacheka, watu wa Kagera walikuwa wanazika. Hili nalo ni la kujifunza: kichekesho cha rais husafiri haraka kuliko kilio cha raia.

Je, kuhesabu? Mwalimu hakuficha kwamba vita vina bei. Baada ya vita aliwaambia Watanzania wajiandae kwa miezi 18 ya kufunga mikanda. Miezi hiyo ikapita na dhiki ikabaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni na sukari vilikuwa vya kutafutwa kwa foleni. Kuhusu watu, waandishi wawili wa Kimarekani walioishi Dar es Salaam, Tony Avirgan na Martha Honey, waliandika kitabu mwaka 1982. Walitaja wanajeshi 373 wa Tanzania waliofariki, na kati yao 96 ndio waliouawa na adui. Waandishi wengine wanne, Waswidi wawili na Wajerumani wawili, waliuawa Aprili 1979 walipovuka Ziwa Victoria ili wakaone vita kwa macho yao. Kuhesabu si kazi ya mzaha. Watu wameifia.

KENYA: FIRIMBI BUNGENI

Sasa tufike nyumbani. Ukambani na jeshi ni chanda na pete. Wazee wetu wengi walikuwa askari wa KAR zama za mkoloni. Hata gazeti la Kiswahili la Baraza lilianzishwa mwaka 1939, mwaka ule ule Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Kwa hivyo vita na gazeti vimeingia nyumba zetu pamoja.

Oktoba 2011, baada ya watu kutekwa nyara Lamu na Dadaab, wanajeshi wetu walivuka mpaka wakaingia Somalia kuwasaka Al-Shabaab. Waliotangaza jambo hilo mbele ya waandishi walikuwa mawaziri. Ilhali Katiba yetu ya 2010, ibara ya 132, inasema rais hutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Mabishano yakazuka: hii ni vita au ni kujilinda? Kwa jumla magazeti yetu yaliunga mkono majeshi, na siwalaumu kwa kuwapenda askari wetu. Mimi nilikuwa na mjomba huko. Lakini kumpenda askari ni pamoja na kuuliza yuko wapi.

Halafu likaja la El Adde, tarehe 15 Januari 2016. Serikali haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Mwezi wa Mei mwaka huo shirika la Marekani, CNN, likaripoti kwamba walikuwa angalau 141. Fikiria msomaji: hesabu ya vijana wetu kuletwa na wageni!

Katikati ya miezi hiyo, tarehe 31 Machi 2016, Rais Uhuru Kenyatta alikwenda Bungeni kutoa hotuba yake ya kila mwaka kwa taifa. Nchi ilikuwa bado vitani. Wabunge wa upinzani wakapuliza firimbi, hotuba ikakatizwa, na baadhi yao wakatolewa nje. Habari za firimbi ndizo zilizovuma. Je, ni nani anayekumbuka leo rais alisema nini siku hiyo? Niliwauliza wenzangu kumi darasani. Watatu walikuwa wamesikia habari za firimbi. Wa hotuba hakuna.

Hapa ndipo naona tofauti kubwa. Douglass aliusoma ujumbe wa Lincoln kwa makini, akaonyesha neno lililokosekana. Firimbi haionyeshi neno lolote. Mwenye kupuliza na mwenye kupiga makofi wote wawili hawamjibu Susu.

Nisiwe mwenye kulaumu tu. Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria ya usalama iliyotaka kuwabana waandishi wanaoripoti ugaidi. Februari 2015 Mahakama Kuu ikasema baadhi ya vifungu vyake, kikiwemo kile cha vyombo vya habari, ni kinyume cha Katiba. Maana yake, mlango wa kuhesabu uko wazi. Imebaki watu wa kuupita.

HITIMISHO

Mpenzi msomaji, tumeona gazeti linalogombana na rais, gazeti linalomwitikia, na gazeti linalofuata kelele. Nimefikia uamuzi huu: kumsifu rais wakati wa vita ni rahisi, na kumtukana ni rahisi vile vile. Kazi ngumu ni ya tatu, ya kuhesabu, na ndiyo ambayo watu wa kawaida wanaihitaji zaidi. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Gazeti la kufaa kwa dhiki ni lile linalomwambia mama jina la mtoto wake, hata kama jina hilo litamliza.

Sisi wa Kitui na Makueni tutafanya nini, na gazeti linalofika shuleni ni moja, tena likiwa limeshapitia mikono ya walimu? Naleta pendekezo. Gazeti letu la ukutani liwe na safu mpya. Kiongozi akitoa ahadi kubwa, iwe ya vita, ya maji au ya barabara, tuandike maneno yake kamili na tarehe. Kila muhula tuandike chini yake kilichotokea. Hatutamsifu wala kumtukana mtu. Tutahesabu tu. Mlezi wa chama amesema atalifikiria, na nyinyi nawaomba mniunge mkono mkutano ujao.

Mjomba alistaafu jeshi. Sasa anafuga mbuzi na hununua gazeti kila Jumamosi. Mwezi uliopita nilimuuliza swali la Susu, kwamba walikuwa wangapi. Alilikunja gazeti polepole, akatazama mbuzi wake kwa muda mrefu. Halafu akanitajia majina manne. Niliyaandika daftarini.